Supu Mbili kwa Mchele Mmoja

Pilau ya harusi ya Jumamosi hapa Katy, Texas, iliharibika kabla oveni haijawashwa. Mliokaa upande wa jikoni mlimwona mpishi, kijana mwenye mkono mzuri, akimimina vikombe viwili vya supu kwa kila kikombe cha mchele katika zile trei za kina, akafunga mlango, akauachia mvuke mtupu. Pale pale nilijua tutakula bokoboko yenye bizari.

Viwili ni kipimo cha sufuria. Sufuria ikiwa motoni hupoteza maji muda wote, yakitorokea chini ya kifuniko, na mpishi mzoefu huyahesabu hayo yatakayokwenda hewani. Ndani ya oveni ya mvuke haliendi tone. Hewa ya humo imeshashiba maji, mchele utakaukia wapi? Tena mvuke ukigusa trei ya baridi hugeuka maji na kuyaacha juu ya chakula. Nguvu ya mashine iko hapo hapo: kilo moja ya mvuke ikigeuka maji hutoa kilojuli zipatazo 2,257, zaidi ya mara tano ya joto la kuchemshia kilo moja ya maji kutoka nyuzi 0 hadi 100. Sasa upe mchele supu mbili, uongeze na matone hayo. Kikombe kimoja na robo kingetosha kwa basmati iliyorowekwa. Hata angetia kimoja na nusu ningenyamaza.

Nilipoyasema haya mwaka jana kuhusu sherehe nyingine, nilijibiwa kwamba mchele wa Texas si pishori ya Mwea. Kisingizio hicho nimekichoka. Mwingine akaleta habari za mwinuko: Nairobi maji huchemka kwenye nyuzi 94 au 95, Katy karibu na 100. Ni kweli, na ndiyo maana mchele huku huiva upesi zaidi. Hilo linamzidishia mpishi kosa.

Kuku alilainika, viazi havikuvunjika. Hongera.

Wapishi wa shughuli wa Mji wa Kale, Mombasa, hawakuwa hata na kipimajoto. Supu ikikaribia kukauka walipunguza moto wa chini, wakapalia makaa juu ya kifuniko. Joto likashuka kutoka juu, mvuke ukatokea pembeni, wali ukachambuka punje kwa punje, na chini ukabaki ukoko wa kugombewa na watoto. Kijana wetu alikuwa na kitufe cha kazi hiyo hiyo. Kampuni ya Rational ilipotoa oveni yake ya namna hii mwaka 1976, jambo lenyewe lilikuwa hilo: mvuke na hewa moto katika chumba kimoja. Dakika kumi za mwisho unazima mvuke, unafungua tundu la unyevu, unapuliza hewa kavu ya nyuzi 150. Hata baada ya kipimo kile kibaya, trei za juu zingeokoka.

Yeye alipoona supu imesimama juu ya mchele, alifanya nini? Alifunika foili. Foili, jamani, ndani ya mvuke! Akarudisha trei dakika kumi na tano nyingine. Zilipotoka, akachukua mwiko, akakoroga.