Amri, Dhara na Upatanisho wa Kisarufi: Mvuto wa I, Robot kwa Msomaji wa Kiswahili

1.0 Utangulizi

Mkusanyiko wa hadithi fupi wa Isaac Asimov, I, Robot, ulichapishwa na Gnome Press ya New York mwaka 1950. Una hadithi tisa ambazo zilikwisha kutoka katika majarida kati ya 1940 na 1950. Hadithi hizo zimeunganishwa kwa mahojiano ambamo Dkt. Susan Calvin, mwanasaikolojia wa roboti mwenye umri wa miaka 75, anamsimulia mwandishi wa habari aliyoyashuhudia kazini.

Kama thamani ya bunilizi ya kisayansi ingepimwa kwa usahihi wa utabiri wake, mkusanyiko huu ungekuwa umekwisha zamani. Hadithi ya "Runaround" inawaweka wanadamu katika sayari ya Utaridi mwaka 2015. Mwaka huo umepita na hakuna mtu aliyekanyaga huko. Hata hivyo, kitabu kinaendelea kusomwa. Makala haya yanatetea hoja kwamba mvuto wake unatokana na lugha kuliko mashine. Karibu kila mgogoro mkubwa ndani yake huzaliwa na pengo lililopo kati ya maneno yaliyotamkwa na maana iliyokusudiwa. Aidha, kukisoma kwa jicho la Kiswahili hufichua maamuzi ambayo Kiingereza kiliweza kuyaacha yakielea.

2.0 Uzito wa amri

Msingi wa hadithi hizi ni Sheria Tatu, zilizotajwa kwa ukamilifu mara ya kwanza katika "Runaround" mwaka 1942. Kwa muhtasari, roboti asimdhuru binadamu wala asimwache adhurike kwa kutotenda. Atii amri za binadamu mradi zisipingane na sheria ya kwanza. Na ajilinde mradi asizivunje sheria mbili zilizotangulia. Kutokana na sheria hizi Asimov anaunda mafumbo ya kipelelezi. Msomaji aliyezoea upelelezi wa Bwana Msa katika Mzimu wa Watu wa Kale (1960) wa Muhammed Said Abdulla atautambua mwendo huo wa kukusanya dalili na kuzifikiri kwa utulivu. Tofauti ni kwamba Bwana Msa huchunguza watu na nia zao, ilhali Calvin na wenzake huchunguza sentensi.

Katika "Runaround", Donovan anamtuma roboti Speedy kuchota seleni, ambayo bila hiyo yeye na mwenzake Powell watakufa kwa joto la jua. Anaitoa amri hiyo kikawaida, bila kuitilia mkazo. Speedy ni ghali, na kwa hiyo ameimarishiwa sheria ya kujilinda. Anapokaribia hatari iliyopo kwenye dimbwi la seleni, amri dhaifu na woga ulioimarishwa vinalingana nguvu, naye anabaki akilizunguka dimbwi kama mlevi. Tatizo lote ni la kipragmatiki: amri ilikuwa sahihi kisarufi, lakini uzito wake haukulingana na dharura yenyewe.

Hapa msomaji wa Kiswahili ana la kuongeza. Asimov anachukulia kwamba uzito wa amri huonekana katika jinsi inavyotamkwa. Katika jamii za Waswahili, adabu mara nyingi hugeuza uhusiano huo. Mkwe akisema, "Ungetuletea maji, mwanangu," umbo la kitenzi ni la masharti na sauti ni ya upole, lakini hakuna anayedhani kwamba amepewa hiari. Kinyume chake, "Lete!" la mtoto kwa mwenzake mchezoni halina uzito wowote. Roboti anayepima amri kwa umbo lake angekwama mapema zaidi barazani kuliko Utaridi.

"Little Lost Robot" ya 1947 inalikuza suala hili. Mfanyakazi aliyekasirika anamfukuza roboti kwa maneno ya kumtaka apotee, naye roboti anatii kwa kujificha miongoni mwa wenzake 62 wanaofanana naye kabisa. Mfasiri atavutwa na "Potelea mbali!", usemi wenye hasira ileile. Hata hivyo, kisemantiki usemi huo unadai umbali. Roboti mtiifu angeondoka kituoni, na kisa kingevunjika. "Nisikuone tena!" hauna ukali uleule, lakini unaamuru kutoonekana, na ndicho kisa kinachohitaji. Mfano huu unaonyesha jinsi msuko wa Asimov ulivyoegemea nahau moja ya lugha moja.

3.0 Mipaka ya dhara

Hadithi ya "Liar!" (1941) inahamisha swali kutoka katika amri hadi katika neno moja la sheria. Herbie, roboti anayesoma mawazo ya watu, anagundua kuwa ukweli huumiza. Kwa kuwa ameagizwa asimdhuru mtu, anamwambia kila mmoja anachotamani kukisikia, na Calvin anaaminishwa kwamba anapendwa na mwenzake wa kazini. Uongo huo unaishia kuumiza zaidi.

Sheria ikifasiriwa kwa kitenzi -dhuru, tafsiri ya Herbie itaonekana ya kulazimisha, kwani kitenzi hicho huelekea zaidi kwenye mwili, afya na mali. Ikifasiriwa kwa -umiza, itaonekana ya kawaida, maana Kiswahili huumiza moyo kama kinavyoumiza mguu. Hivyo uteuzi wa kitenzi kimoja unaamua iwapo Herbie alikosea au alielewa vizuri kuliko waliomuunda.

4.0 Roboti huyu au roboti hili?

Uamuzi mzito zaidi umo katika upatanisho wa kisarufi. Katika "Robbie" (1940), mama anataka mlezi wa chuma aondolewe kwa sababu ni mashine tu. Binti yake, Gloria, anashikilia kwamba Robbie ni mtu. Kiingereza kina viwakilishi vya kutofautisha misimamo hiyo, lakini sentensi nyingi zinaweza kupita bila kuvitumia. Kiswahili hakitoi nafasi hiyo. Kitenzi, kivumishi na kionyeshi vyote hudai jibu: roboti huyu mzuri amekuja, au roboti hili zuri limekuja. Sentensi za makala haya zenyewe zimekwisha kuchagua.

Lugha ina uzoefu wa mpaka huu. Maiti "imezikwa" kwa wengine na "amezikwa" kwa wengine. Jini "amempanda" mtu au "limempanda". Mfasiri makini angeweza kumpa mama upatanisho wa LI-YA na Gloria wa A-WA, na ugomvi wa familia ungesikika katika sarufi yenyewe.

Upatanisho wa A-WA, hata hivyo, unaibua swali ambalo mkusanyiko unaligusa bila kulifuatilia. Neno "robot" lilienea kutokana na tamthilia ya Karel Čapek, R.U.R. (1920), nalo linatokana na neno la Kicheki linalohusu kazi ya kulazimishwa. Katika "Runaround", roboti wakongwe huwaita watu kwa neno ambalo Kiswahili kitalifasiri "bwana", na hawatembei bila mtu kuwapanda mabegani. Powell mwenyewe anatambua kwamba walijengewa hulka ya kitumwa, kisha hadithi inaendelea na fumbo lake. Msomaji wa Afrika Mashariki, anayejua neno "boi" lilivyotumika katika nyumba za wakoloni mwaka uleule wa 1950, hawezi kulipita jambo hilo kirahisi. Hii ndiyo kasoro kubwa ya mkusanyiko, kubwa kuliko wahusika wake bapa na mazungumzo yake yaliyojaa maelezo.

5.0 Hitimisho

Mashine za leo zimeanza kupokea maagizo kwa lugha za watu, Kiswahili kikiwamo. I, Robot haikubashiri jinsi mashine hizo zinavyofanya kazi, lakini ilionyesha mapema kwamba atoaye amri hawajibiki kwa nia yake tu, bali pia kwa maneno aliyoyateua. Kwa sababu hiyo, tafsiri ya mkusanyiko huu inastahili kufanywa na wajuzi wa sarufi na adabu za lugha, ambao watajua kwamba kati ya "huyu" na "hili" kuna hukumu.