Sentimita za Froome

Katika misimu yote ambayo Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi na bingwa mara nne wa Tour de France (2013, 2015, 2016 na 2017), aliiendeshea timu ya Israel, hakuna kosa la kiufundi lililo wazi kuliko lile la kuipanda fremu ya Factor mwaka 2021 bila vipimo vyote vya baiskeli yake ya zamani, Pinarello, kuhamishiwa humo. Ajali ya Juni 2019, iliyomvunja paja, ingetosha kumpunguzia nguvu. Lakini Froome mwenyewe alieleza, baada ya msimu wa 2023, kwamba mkao wake ulitofautiana na ule wa siku za timu ya Sky kwa sentimita kadhaa, na katika mchezo ambao mafundi wake hubishania milimita mbili, tofauti hiyo haiwezi kuitwa bahati mbaya.

Kimo cha siti ni umbali kutoka katikati ya mhimili wa mikono ya pedali hadi juu ya siti, na kanuni ya kocha Cyrille Guimard, aliyewaongoza mabingwa Hinault na LeMond, huzidisha urefu wa mguu, unaopimwa kutoka msamba hadi sakafuni bila viatu, kwa 0.883, hivyo mguu wa sentimita 84 hupata kimo cha sentimita 74 na ushei. Baada ya hapo hupimwa siti imerudi nyuma ya mhimili kwa kiasi gani, kisha umbali wake hadi usukani. Fremu mbili zenye herufi moja ya saizi hazitoi vipimo sawa, kwa kuwa bomba la siti likisimama wima zaidi kwa digrii moja tu, siti ya kimo hicho husogea mbele kwa zaidi ya sentimita moja, na fundi asiyeirudisha kwenye reli zake humkabidhi mpandaji mkao wa mtu mwingine, kama mshonaji anayekata suti mpya bila kuomba ile ya zamani. Siti ikiwa chini mno, goti huuma kwa mbele. Ikiwa juu mno, nyonga huyumba. Ajabu ni kwamba mwanzoni mwa 2021 malalamiko ya Froome hadharani yalihusu breki za diski, wakati kilichohitajika kilikuwa futi kamba.



Tofauti na Froome, bingwa wa zamani Eddy Merckx, aliyeumia vibaya kiunoni katika ajali ya Blois mwaka 1969, alijulikana kwa kubeba spana na kubadili kimo cha siti mbio zikiendelea, na ingawa wapo waliomcheka, hakuna aliyeweza kumdanganya kuhusu mkao wake. Kukwepa vipimo kulishamiri baadaye, tangu kampuni ya Giant ilipoleta miaka ya 1990 fremu ya TCR, yenye bomba la juu lililoinama, ikauzwa kwa saizi chache za herufi, na nguzo ndefu ya siti ikaachiwa kuziba pengo.

Mjini Nansio, kisiwani Ukerewe, nako kosa hilohilo la kukwepa vipimo halikosekani. Baiskeli ya mizigo ya Phoenix huja mara nyingi kwa fremu ya inchi 22 au 24, yaani urefu wa bomba la siti, huku ile 28 inayotajwa na wanunuzi ikiwa ni ya gurudumu. Na mwenye miguu mifupi huchukua 24 ili abebe mhogo kutoka Murutunguru, ilhali akisimama juu yake bomba la juu humgusa msamba. Anayehamia baiskeli ya gia hukutana na ugumu mwingine: bomba la siti la Phoenix limelala kwa takribani digrii 68 na la gia husimama karibu na 73, hivyo siti husogea mbele kwa takribani sentimita 6, ambazo reli haziwezi kuzirudisha zote, na uzito huangukia viganjani. Huyo hana budi kuinua usukani, na kuipima Phoenix kabla ya kuiuza.