Gurudumu Lililomfanya Malkia Mtakatifu

Mchoraji Titian alipomchora Caterina Cornaro, malkia wa Kupro, mnamo mwaka 1542 hivi, malkia mwenyewe alikuwa kaburini kwa zaidi ya miaka 30. Alifariki Venice mwaka 1510. Picha hiyo, iliyopo Uffizi mjini Florence, haikuchorwa malkia akiwa amekaa mbele ya mchoraji. Sasa fundi asiye na uso wa kuutazama hufanyaje watu wamtambue aliyechorwa?

Titian aliegemea jina. Caterina ni Katarina, na Mtakatifu Katarina wa Aleksandria, kwa mapokeo, alikuwa binti wa kifalme. Ujanja uko hapo. Taji lililo kwenye picha linafanya kazi mbili: ni la mtakatifu, na ni la Kupro, ufalme ambao Caterina aliukabidhi kwa Venice mwaka 1489. Vito navyo vivyo hivyo. Kitu pekee kwenye turubai ambacho si cha malkia ni gurudumu lenye meno makali nyuma yake, lile linalosemwa liliundwa kumtesa Katarina, likavunjika.

Kazi ya rangi nayo ina siri zake. Venice ni mji wa unyevu na ubao hupinda, ndiyo maana wachoraji wake walihamia turubai mapema. Titian alipaka rangi ya mafuta nyembamba, tabaka juu ya tabaka, mwanga ukapenya na kurudi, na ngozi ikapata joto. Lulu kwenye picha za Venice zina mchezo mwingine: doa la kijivu, kivuli ukingoni, kisha mguso mmoja wa nyeupe nzito. Sogeza pua karibu, na lulu inatoweka, unabaki na rangi tupu.

Mchoraji mwingine, Gentile Bellini, alimchora Caterina akiwa hai, mnamo 1500 hivi. Picha iko Budapest. Humo tunakutana na mama mnene wa makamo, wala hakurembeshwa. Bellini pia alitumia jina, ila aliliandika: maneno ya Kilatini yanamtaja bikira aliyezikwa Sinai, yaani Mtakatifu Katarina. (Yanaishia kwa kumsifu mchoraji mwenyewe. Haya hakuwa nayo.) Kwa uso, namwamini Bellini. Kwa ufundi wa kusema bila kuandika, Titian amemshinda.

Ukiipata picha ya Titian, ziba gurudumu kwa kidole gumba. Mtakatifu ataondoka; malkia atabaki palepale, na taji lake.