Anga Katika Kioo: Uhakiki wa Vielelezo vya Intaneti vya Kufundishia Elimu ya Ardhi na Nyota

Elimu ya ardhi na nyota ina taabu moja ambayo elimu nyingine nyingi hazina: kitu kinachofundishwa hakiingii darasani. Mwalimu wa mimea huleta jani, na mwalimu wa hesabu huleta kokoto. Lakini mwalimu wa falaki hawezi kulileta jua, wala mwalimu wa ardhi hawezi kuuleta mlima utokao moto. Kwa miaka mingi kilichotumika ni picha ya ubao, au chungwa lililozungushwa mbele ya taa. Picha haitembei, na chungwa hutembea kama mkono wa mwalimu utakavyo, si kama mbingu zitakavyo. Vielelezo vilivyomo katika intaneti leo vyadai kuiondoa taabu hiyo, kwa kuwa mwanafunzi huviendesha mwenyewe: huongeza, hupunguza, husimamisha, hurudisha nyuma, naye huona matokeo papo hapo. Dai hilo ni kubwa, na lastahili kupimwa kwa mambo mawili: ukweli wa anga lenyewe, na lugha inayomfikishia mwanafunzi ukweli huo.

Kazi mbili zatosha kuwa mfano. Ya kwanza ni mkusanyo wa vielelezo uitwao PhET, ulioanzishwa mwaka 2002 katika Chuo Kikuu cha Colorado, Boulder, nchini Marekani, na Carl Wieman, ambaye mwaka mmoja kabla yake alipata Tuzo ya Nobel ya fizikia. Vielelezo hivyo havina malipo, vyaweza kuhifadhiwa katika kompyuta na kutumika pasipo mtandao, na vimefasiriwa katika lugha nyingi, Kiswahili kikiwamo. Ya pili ni Stellarium, programu huria iliyoanzwa na Mfaransa Fabien Chéreau, ambayo huonyesha anga la mahali popote duniani kwa siku na saa yoyote itakayochaguliwa.

Katika PhET kuna kielelezo kiitwacho Gravity and Orbits. Humo mna jua, dunia na mwezi, na mwanafunzi aweza kuuzidisha uzito wa jua, au kuiondoa kabisa nguvu inayoiweka dunia katika njia yake. Akiiondoa, dunia haianguki wala haisimami. Huenda zake kwa mstari ulionyoka. Jambo hilo moja lafuta kosa ambalo maelezo ya kurasa kumi hayalifuti, yaani dhana kwamba kitu kisichovutwa hutulia. Kadhalika mishale ionyeshayo nguvu hutokea katika pande zote mbili: jua laivuta dunia, nayo dunia yalivuta jua kwa nguvu iyo hiyo. Hapa Kiswahili kina fadhila ambayo yafaa itajwe. Neno “uvutano” limebeba ndani yake kiambishi cha kutendana, kile kile kilichomo katika kupendana na kushikana. Asemaye uvutano amekwisha sema kwamba wavutao ni wawili. Mwalimu akiliacha neno hilo na kusema “graviti” tu, ameutupa msaada aliopewa bure na lugha, tena mbele ya kielelezo kinachouthibitisha.

Walakini kielelezo hicho kina upungufu ambao waliokitunga hawakuuficha. Katika ukurasa wake wa kwanza, jua na dunia vimekuzwa mno ili vionekane. Kwa sababu hiyo kuna ukurasa wa pili, wenye vipimo vya kweli, na humo magimba hayo huwa vitone tu. Mwalimu mwenye haraka huishia ukurasa wa kwanza, kwa kuwa una kupendeza zaidi. Matokeo yake ni kwamba mwanafunzi hutoka akidhani kuwa dunia na jua ni majirani. Lile chungwa la zamani laweza kumsahihisha: jua likiwa chungwa la upana wa sentimeta 10, dunia ni punje isiyofika milimeta 1, nayo hukaa umbali wa karibu meta 11. Basi kioo hakikulifuta chungwa. Kimelipa kazi mpya.

Stellarium ina sifa nyingine. Ifunguliwapo, mandhari yake ya kawaida ni mashamba ya Guéreins, nchini Ufaransa, na aanzaye kuitumia bila kubadili chochote hujikuta amesimama katika shamba la wageni. Jambo hilo laonekana dogo, lakini ndilo kiini cha uhakiki huu. Masomo mengi ya nyota yaliyomo katika intaneti yametungwa na watu wakaao mbali kaskazini ya Ikweta, nayo hulichukulia anga lao kuwa ndilo anga. Hufundisha nyota ya kaskazini isiyotikisika, ambayo akaaye Dar es Salaam haioni kamwe. Hufundisha mwezi mchanga uliosimama wima kama herufi, ilhali mwezi mwandamo wa pwani hulala chali mfano wa mashua. Mtoto aliyeuona mwezi huo kila mara watu wanapoutazamia, kisha akaonyeshwa ule wa kitabuni, hulazimika kuchagua kati ya macho yake na somo lake. Aghalabu huchagua somo, na hiyo ni hasara kwa elimu, maana sayansi huanza kwa kuyaamini macho na kuyahoji.

Sifa ya Stellarium ni kwamba dawa ya kosa hilo imo ndani yake. Mahali pakibadilishwa pakawa Dar es Salaam, mwezi hulala kama upasavyo. Siku zikiendeshwa mbele kwa saa ya adhuhuri, jua huonekana likipita utosini mara mbili kwa mwaka: mwanzoni mwa Machi, na tena karibu na tarehe 10 Oktoba. Mwanafunzi hana haja ya kuambiwa kwamba masika na vuli hufuata safari hiyo. Huziona tarehe, akazilinganisha na mvua anazozijua. Tarehe ikirudishwa kuwa 1 Septemba 2016 na mahali pakawa Rujewa, mkoani Mbeya, jua hupatwa mbele ya darasa likabaki pete, kama lilivyopatwa siku ile mbele ya umati uliokwenda kutazama.

Hata hekima ya wazee yaweza kupimwa hivyo. Wakulima na mabaharia wana msemo kwamba kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, na kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Programu yaonyesha kuwa karibu na mwanzo wa Mei kundi hilo la nyota hupotea magharibi katika mwanga wa magharibi, ambapo masika hayajakwisha. Kisha katika Juni huzuka mashariki kabla ya mapambazuko, wakati wa kipupwe kikavu. Nusu moja ya msemo yapatana na anga la pwani waziwazi. Nusu ya pili ni swali jema la kuachiwa darasa. Hakuna kielelezo kilichotungwa Boulder wala Guéreins kiwezacho kuliuliza swali hilo chenyewe. Huulizwa na mwalimu aijuaye lugha yake.

Upande wa ardhi, mambo ni mamoja. Picha za satelaiti katika Google Earth humwezesha mwanafunzi kulifuata Bonde la Ufa na kuichungulia kreta ya Ngorongoro, mradi aelezwe kuwa anatazama picha za siku zilizopita, si mambo ya saa ile. Lakini vielelezo vya volkeno vitungwavyo kwa ajili ya dunia nzima huonyesha uji wa moto mwekundu tu. Oldoinyo Lengai, karibu na Ziwa Natron, hutoa uji wa namna ya peke yake, wenye joto la digrii 500 hadi 600 hivi, takriban nusu ya joto la volkeno za kawaida. Hutoka mweusi, kisha hugeuka mweupe unapopata unyevu. Mlima wa ajabu kuliko yote u nchini, na kielelezo chafundisha wa ng'ambo.

Yabaki lugha, nayo ndiyo yenye makosa mazito zaidi, kwa sababu kosa la neno halionekani katika kioo. Sayari iliyo karibu zaidi na jua imeandikwa katika vitabu kadhaa vya shule kwa jina la Zebaki. Zebaki ni madini yamiminikayo. Waingereza wana neno moja kwa vitu hivyo viwili, na mfasiri aliyelifuata neno badala ya maana aliweka madini mbinguni. Jina la sayari hiyo katika falaki ya Waswahili ni Utaridi, kama vile Zuhura, Mirihi, Mshtarii na Zohali. Vilevile Sumbula, Sarateni na Kausi ni majina ya buruji, yaani makundi ya nyota, na kuyabandika juu ya sayari ni kuchanganya nyumba na mpangaji. Kosa kama hilo likiingia katika kielelezo cha intaneti huenea upesi kuliko lilivyoenea kwa vitabu.

Mfano mwingine ni kitenzi “kuzunguka”. Dunia hulizunguka jua, na dunia hujizungusha katika mhimili wake; kiambishi “ji” chatosha kuyatenga mambo mawili, moja la mwaka na moja la siku. Mfasiri aandikaye “mzunguko” kwa yote mawili ameondoa nuru iliyokuwapo. Na afasiriye majira ya joto ya Ulaya kuwa “kiangazi”, kisha akayaweka katika Juni, amemdanganya mtoto wa pwani ambaye katika Juni hujitanda shuka kwa baridi ya kipupwe. Hata saa yataka uangalifu: programu huandika 19:00 pale ambapo mwanafunzi husema saa moja ya usiku. Hesabu ya Kiswahili huifuata safari ya jua, na karibu na Ikweta hesabu hiyo ni sahihi sana, kwani mjini Dar es Salaam tofauti ya mchana mrefu kabisa na mfupi kabisa haifiki saa moja. Hilo ni somo la falaki lililomo katika kinywa cha kila mtu.

Uzito wa mambo haya si wa wanaisimu peke yao. Katika shule za umma za Tanzania, mtoto husoma elimu ya msingi kwa Kiswahili, kisha huingia sekondari na kukuta sayansi kwa Kiingereza. Kielelezo kizuri cha Kiswahili chaweza kuwa daraja kati ya pande hizo mbili. Kielelezo kibovu chaongeza shimo. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa mwaka 1990 kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia, na kazi hiyo ilionyesha kuwa istilahi zaweza kupangwa kwa utaratibu na si kwa bahati. Elimu ya ardhi na nyota yastahili utaratibu uo huo, tena safari hii msingi umekwisha wekwa na mabaharia, wakulima na wataalamu wa falaki.

Basi vielelezo hivi ni vyema, na mwalimu asiyevitumia ajinyima. Lakini havikukamilika vilipotoka kwa watungaji wake. Hukamilika mahali panapobadilishwa pakawa hapa, saa ikasomwa kama isomwavyo hapa, na Utaridi akaitwa kwa jina lake.