Wepesi Hutoka Mkononi

Wanaosifu ubao wa kusimamia majini huanza na maji. Mimi naanza na nchi kavu, maana huko ndiko mbao nyingi zinakotia aibu. Kati ya gari na bahari, hasa maji yakiwa yamekupwa, pana mchanga, mawe, matope na ngazi za gati zilizoota mwani. Chombo chenyewe kina urefu wa zaidi ya mita 3, upana unakaribia sentimita 80, na upepo ukivuma kidogo tu kinataka kuondoka bila wewe. Ule wa plastiki unaokodishwa mahotelini huweza kufika kilo 15 au 20, na mteja mwenye akili humwachia kijana wa ufukweni aubebe. Niliojaribu mimi, katika Ghuba ya Morbihan huko Bretagne, Ufaransa, haukufika kilo 9. Niliutia kwapani, kafi mkono wa pili, nikashuka ngazi huku nikizungumza na mwenyeji wangu kama mtu aliyebeba mswala wake kwenda msikitini.

Mwenyeji huyo ndiye aliyeuunda. Ni seremala wa mashua aliyestaafu, na tangu astaafu anafanya kazi ile ile, ila sasa hakuna wa kumharakisha. Ubao wake haukupakwa rangi. Ni wa kahawia yenye dhahabu kwa mbali, na ukiinama karibu unaona kitambaa chenyewe, uzi umepita juu ya uzi, chini ya uzi. Ni kitani, mmea ule ule ambao Wamisri wa kale walifumia sanda za Mafarao, hapa kimenyweshwa gundi ya epoksi kikawa ngozi ngumu ya chombo.

Niseme mapema, nisije nikaitwa mpiga debe: ndani ya ngozi hiyo mna povu la plastiki, jamaa wa lile la masanduku ya samaki. Fundi hakulificha hilo. Wauzaji wengi hulificha. Neno “asilia” linapobandikwa kwenye ubao wa namna hii mara nyingi linahusu unene wa milimita moja au mbili za juu, basi. Lakini milimita hizo ndizo zinazofanya kazi. Ukisimama katikati ya ubao, uso wa juu unabanwa na uso wa chini unavutwa. Povu la katikati halina nguvu yoyote ya maana, kazi yake ni kuzitenga nyuso hizo mbili zisikaribiane. Kadiri zinavyotengana ndivyo ubao unavyokataa kupinda. Kwa hiyo nguvu imo kwenye nyuzi, na nyuzi zimetoka shambani.

Shamba lenyewe linafaa kuonwa. Ufaransa ndiyo inayoongoza duniani kwa kilimo cha kitani cha nyuzi, na eneo lake kubwa ni Normandie na majirani zake wa kaskazini, ukanda wa pwani wenye mvua za rasharasha na upepo mpole. Hupandwa Machi au Aprili, na baada ya siku kama 100 mmea umefika kimo cha mita moja hivi. Juni unachanua maua ya buluu yanayofunguka asubuhi na kupukutika siku hiyo hiyo. Kisha haukatwi, unang’olewa na mizizi yake, kwa sababu uzi umekimbia urefu wote wa shina na kuukata ni kuupunguza. Mashina hulazwa hapo hapo shambani kwa wiki kadhaa, umande na jua vikipokezana, vijidudu na ukungu wakila ile gundi ya asili inayoushikamanisha uzi na ukuni wake. Mkulima huyageuza ili yaoze sawasawa. Akiyaondoa mapema, uzi haubanduki. Akichelewa, uzi nao unaoza. Ufundi umeanza kabla ya karakana.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike. Watu hudhani ubao wa kitani ni mwepesi kwa sababu kitani ni chepesi. Kweli, uzi wa kitani una uzito wa gramu 1.5 hivi kwa sentimita moja ya ujazo, na uzi wa kioo, ule ambao mafundi wa boti wanauita faiba, una gramu 2.5. Hesabu inaonekana imekwisha. Haijaisha, kwa sababu kitani kina kiu. Kioo hakinywi kitu; gundi hupita kati ya nyuzi zake na kuzishika. Kitani hunywa, na fundi mvivu atakinywesha mpaka kifurike, halafu ubao wake utatoka mzito kuliko wa faiba anaoudharau. Wepesi hautoki kwenye mmea peke yake. Unatoka zaidi kwenye mkono unaojua gundi ipi iondoke.

Nilimwangalia akifanya kazi hiyo kwenye ubao mwingine uliokuwa juu ya farasi zake za mbao. Kitambaa kilikuwa kimelala usiku mzima penye joto kikauke, maana kitani hufyonza hata unyevu wa hewa, na unyevu ukifungiwa ndani, gundi hushikana vibaya. Alikipima kwenye mizani, akaipima gundi nayo, gramu kwa gramu. Aliimimina katikati akaisukuma kuelekea kingoni kwa kipande cha plastiki laini, polepole, bila kurudi nyuma. Kitambaa kilichokunywa kiligeuka cheusicheusi. Pale palipobaki peupe ndipo palipokuwa na njaa. Baadaye akakitandikia kitambaa cha kubandua, juu yake blanketi la kunyonya, juu ya yote mfuko wa plastiki uliozibwa pande zote, akawasha pampu ya kufyonza hewa. Uzito wa anga ukaushika mfuko na kuukandamiza ubao kila upande. Hakuifungulia pampu mpaka mwisho, kwa kuwa povu hubonyea likizidiwa. Gundi iliyozidi ilipanda ikaingia kwenye blanketi. Ilipoganda, alilibandua blanketi na kulipima pia. Nilipomtazama kwa mshangao alisema tu kwamba hiyo ndiyo gundi ambayo mtu mwingine angebeba begani miaka kumi.

Kuna adabu nyingine ambayo mmea huu unaidai. Faiba ikikosewa hupigwa msasa. Kitani kikipigwa msasa bila kinga, nyuzi zake zinasimama kama manyoya na hazilali tena ila kwa gundi nyingine, na gundi nyingine ni uzito mwingine. Kwa hiyo kosa halisahihishwi, linazuiwa. Tena kwa kuwa hakuna rangi ya kufunikia, kila kiputo cha hewa kitaonekana maisha yote ya ubao. Napenda kazi ya namna hii, inayomnyima fundi mahali pa kujificha.

Haja ya kupunguza uzito si ya jana. Duke Kahanamoku, muogeleaji wa Hawaii aliyeitembeza sifa ya kuteleza juu ya mawimbi duniani, alikuwa na ubao wa mti wa koa wenye urefu wa mita 4.8 na uzito wa kilo 52. Tom Blake, Mmarekani aliyezichunguza mbao za kale za Wahawaii katika Jumba la Makumbusho la Bishop huko Honolulu, alianza kutoboa mbao zake mwaka 1926 na kuzifunika juu, zikawa na uwazi ndani. Hataza yake akaipata 1932. Baada ya Vita Kuu ya Pili zikaja mbao za balsa, mti mwepesi wa Ecuador, zilizovikwa faiba, kisha povu, na mpaka leo sehemu kubwa ya mbao ni povu na faiba. Mtindo wa kusimama na kafi ulikuwa mchezo wa walimu wa ufukwe wa Waikiki katikati ya karne ya 20. Waliusimamia ubao ili wawaone vizuri wanafunzi wao na mawimbi yanayokuja. Ulilala usingizi mrefu hadi miaka ya 2000 mwanzoni, mchezaji wa mawimbi Laird Hamilton na wenzake walipouamsha.

Mwenyeji wangu alichagua saa ya maji kutulia. Ghuba hiyo imejaa visiwa, na mlango wake wa kutokea Atlantiki, penye Port-Navalo, ni mwembamba, hivyo maji yanapojaa au kupwa mkondo wake unakwenda mbio za kutisha. Sisi tulibaki ndani, karibu na mashamba ya chaza. Unaanza kwa magoti, katikati, kafi limelazwa mbele yako. Unanyanyua mguu mmoja, wa pili unafuata, na macho lazima yatazame mbali. Ukitazama miguu umekwisha. Kafi linatumbukizwa mbele, upande wa omo, linavutwa mpaka usawa wa kifundo cha mguu, linatolewa. Likivutwa zaidi ya hapo linaanza kuuzungusha ubao badala ya kuusogeza.

Nililolitarajia ni wepesi. Nililolipata zaidi ni ukimya. Ubao wa faiba au kaboni ukikutana na viwimbi vidogo hupiga makofi, na kila kofi linapanda mpaka gotini. Huu ulipokea viwimbi vile vile kwa sauti ya chini, na nyayo hazikuambiwa kila kitu. Sababu inajulikana: uzi wa kitani si kitu kimoja kigumu kama uzi wa kioo, ni fungu la nyuzi ndogo zilizoshikamana kwa gundi ya mmea, na mtikisiko unapopita zinasuguana na kuumeza. Ndiyo maana watengenezaji wa baiskeli na wa mbao za kutelezea theluji hukichanganya kitani na kaboni. Baada ya saa moja vifundo vyangu vilikuwa havijachoka, na miguu yangu haina ujana wa kujisifia.

Hata hivyo wepesi una bei yake. Upepo ulipoamka mchana, ubao ulianza kunisukuma upande kwa urahisi ule ule nilioubebea. Chombo kizito ukikipiga kafi moja kinaendelea kwa uzito wake. Hiki kinasimama mapema, kinataka kafi jingine. Duke na kilo zake 52 aliteleza mbali kuliko sisi kwa kila msukumo, sina shaka. Fundi alikiri kwamba angeweza kupunguza kilo nyingine na akakataa kwa makusudi. Tena ubao wa kitani ukipasuka ngozi hauvumilii uzembe ambao faiba huuvumilia: nyuzi zilizo wazi zitaanza kunywa bahari, na usipoukausha na kuuziba mapema, doa jeusi linatambaa chini ya gundi.

Nyuzi za mimea zimekwishavuka bahari kubwa kuliko ghuba. Huko huko Bretagne, mjini Concarneau, kampuni ya baharia Roland Jourdain ilishirikiana na watafiti kuunda Gwalaz, chombo cha mita 7 cha matumbo matatu, kwa kitani, balsa na gome lile la vizibo vya chupa, kikashushwa majini 2013. Mwaka 2022 Jourdain mwenyewe alivuka Atlantiki katika mashindano ya Route du Rhum kwa chombo cha matumbo mawili chenye kitani kwa sehemu kubwa. Kabla yake, mwaka 2010, kijana Mfaransa Corentin de Chatelperron alitoka Bangladesh hadi Ufaransa kwa mashua ndogo ya faiba iliyochanganywa na juti. Wote walitumia gundi za kiwandani, na hapo ndipo ninapokataa kupigia makofi kila kitu. Epoksi, hata ile inayotengenezwa kwa sehemu kutokana na mimea, ikishaganda haiyeyuki, na ubao uliokufa hauwezi kurudishwa shambani. Anayesema vinginevyo anauza.

Msomaji wa pwani yetu ananisubiri hapa, najua. Mtepe, jahazi letu la kale, ulishonwa kwa kamba za usumba, na kitabu cha Kigiriki cha karne ya 1 juu ya safari za Bahari ya Hindi kinavitaja vyombo vya kushonwa huku kwetu, penye bandari ya Rhapta. Wanawake wa Unguja bado huyafukia makumbi ufukweni kwa miezi yaoze, kisha huyaponda na kusokota kamba. Ni kazi ya mkulima wa Normandie, chumvi ikishika nafasi ya umande. Na mimi nimekulia Tanga, nikiisikia korona, ile mashine ya kiwandani, ikichuna majani ya mkonge na kuziona singa, yaani nyuzi zake, zikianikwa kwenye nyaya, mistari hadi mwisho wa macho. Mkonge huo aliuingiza mtaalamu wa kilimo Mjerumani, Richard Hindorf, mwaka 1893, kutoka Florida. Kati ya miche 1,000 iliyosafirishwa, 62 tu ndiyo iliyofika Pangani ikiwa hai. Miaka 70 baadaye Tanganyika ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka.

Je, singa zingefaa kwa ubao huu? Sidhani. Ni nene, zingekunywa gundi kupita kitani, na ubao ungetoka mzito. Lakini sitaha ya mashua ya uvuvi, kiti cha ngalawa, mlango wa boti ya kubeba watalii, hivyo havidai kubebwa kwapani. Karakana ya Tanga yenye mizani, pampu moja na mtu mwenye subira ingeweza kuanza mwezi ujao.

Na ukiuziwa ubao unaosifiwa kuwa wa nyuzi asilia, usiulize mmea kwanza. Omba mizani. Uliza kitambaa kilikuwa na uzito gani, gundi kiasi gani, ndani mna nini, na ukipasuka nani ataukarabati. Fundi aliyeuunda kweli atakujibu kwa gramu. Anayekuonyesha picha za maua ya buluu, muage kwa heshima ubaki na fedha zako.