Kuuliza maana ya neno kazini si dalili ya kutojua lugha

FORT Jesus, ngome iliyoanza kujengwa mwaka wa 1593, ilichorwa na Mwitaliano, Giovanni Battista Cairati. Leo wanaotafuta riziki kandokando ya ngome hiyo hukutana na Waitaliano wengine: watalii. Ndipo baadhi yao hujifunza Kiitaliano cha kazi.

Vitabu vingi vya mwongozo nilivyopitia hufunza salamu, nambari, bei na majina ya vyakula. Kasoro yake ni moja: humfunza mtu kusema na kujibu, havimfunzi kuuliza pale asipoelewa.

Tuchukue mfano. Mwitaliano anaingia katika nyumba ya wageni Mji wa Kale, anauliza: “Quanto costa la camera?” Mpokezi anajua “quanto costa” ni kuulizia bei. “Camera” nayo haimpi shida. Si ni kamera tu? Anajibu kwa bashasha kuwa ni bure. Mgeni anaenda kuleta mizigo akidhani amepata chumba bila malipo!

Kwa Kiitaliano, camera ni chumba. Kifaa cha kupigia picha huitwa macchina fotografica. Asili ni moja: camera obscura ya Kilatini, yaani chumba chenye giza, ndiyo iliyokipa kifaa hicho jina ambalo Kiswahili kililipata kupitia Kiingereza. Neno geni kabisa humshtua msikilizaji akauliza. Linalofanana na letu humpumbaza.

Wanaisimu wanaochunguza mazungumzo hutofautisha njia tatu za kuomba ufafanuzi. Ya kwanza ni ya jumla: “Ati?” au “Naam?” Mwitaliano husema “Come?” Ya pili hulenga neno lenyewe: “Cosa vuol dire camera?”, yaani camera maana yake nini? Ya tatu hutoa fasiri ili ithibitishwe: “Camera, yaani hii ya kupigia picha?” Mpokezi wetu angeokolewa na hii ya tatu, kwani hakujua kwamba hajaelewa.

Katika utafiti uliochapishwa mwaka wa 2015, Mark Dingemanse na wenzake walichunguza lugha 12, Kiitaliano kikiwemo. Waligundua kuwa watu huomba ufafanuzi takriban mara moja kila dakika moja na nusu, na huchagua njia mahususi zaidi wanayoweza. Kiswahili hakikuwamo, lakini hebu keti barazani Mji wa Kale usikilize: “ati?” na “yaani vipi?” hazikauki.

Basi mbona anayeuliza barazani hunyamaza kazini? Huchelea kuonekana hajui. Tena kuna suala la adabu. Kwetu, “Nini?” kavu kwa mtu mzima ni ufidhuli, tunasema, “Samahani mzee, sijakupata.” Kiitaliano nacho kina ngazi zake. “Cosa?” ni ya marafiki. Mgeni huulizwa, “Scusi, cosa intende per camera?”, kwa umbo la heshima la Lei. Anayetafsiri “nini” neno kwa neno ataonekana mjeuri, na anayetikisa kichwa tu atampoteza mgeni.

Kwa hivyo, walimu wa Kiitaliano cha utalii waifunze sentensi hiyo siku ya kwanza, pamoja na salamu. Waajiri nao waache kumwona anayeuliza kuwa hajaiva. Wahenga walishasema: asiyeuliza hanalo ajifunzalo.