Shahrazad Anatoka Kwenye Seti: Kusoma Kadi Nne za Alfu Lela Ulela

Wasomaji wa hapa mmezoea kuniona nikichambua riwaya na diwani. Leo nachambua kadi. Msinicheke kwanza, maana kadi zenyewe zimetoka katika hadithi tunazozijua.

Magic: The Gathering ni mchezo wa kadi uliobuniwa na Mmarekani Richard Garfield, ukatoka mwaka 1993. Desemba ya mwaka huohuo ukafuata mkusanyo wake wa kwanza wa nyongeza, Arabian Nights, kadi 78 zilizochota wahusika na vitu kutoka Alfu Lela Ulela. Mimi nimejiundia seti yangu ya kadi 180 kwa ajili ya watu wanne, nyingi nikiwa nimezichapisha mwenyewe na kuzivika mifuko ya plastiki. Kila mchezaji hupata pakiti 3 za kadi 15. Anachagua moja, anampa jirani pakiti iliyobaki, anapokea ya mwingine, mpaka kila mtu awe na kadi 45. Hapo anajenga deki ya kadi 40, humo ndani ardhi 17 hivi za kuzalisha mana, yaani nguvu ya kulipia kadi nyingine. Wenyewe huuita mtindo huu drafti. Si ile ya vizibo vya soda barazani.

Kuunda seti ya namna hii ni kazi ya mhariri wa diwani. Nafasi ni 180, ukiingiza moja unatoa moja. Na kama ilivyo kwenye diwani, shairi zuri peke yake laweza kuwa baya katikati ya wenzake.

Mchukue Ali Baba. Gharama yake ni mana moja nyekundu, mwili wake dhaifu, na kazi yake ni hii: ukilipa mana nyingine nyekundu, analaza ukuta mmoja usiweze kukuzuia. Basi, hakuna zaidi. Kifasihi imepatia kabisa. Mtu mnyonge, neno dogo, jiwe linafunguka. Lakini katika seti yangu kuna kuta mbili tu. Mara nyingi Ali Baba anasimama mezani akinong'ona mbele ya pango ambalo halipo. Nilikuwa na njia mbili, kuongeza kuta au kumtoa. Kuta zinachelewesha mchezo, kwa hiyo ametoka.

Sindbad yeye alinishangaza. Anakuruhusu uchote kadi na kuionyesha. Ikiwa ni ardhi, unabaki nayo. Ikiwa si ardhi, unaitupa. Jamani, huyo si baharia kweli? Anatafuta nchi kavu, na shehena nyingine yote inaishia majini. Kwa deki yenye ardhi 17 kati ya 40, safari zinazofika salama ni zaidi kidogo ya 4 katika 10. Kwa hesabu hiyo kadi ni ya wastani. Ila seti yangu ina kadi nyeusi zinazofufua wafu, kama Animate Dead, ambayo kwa mana mbili tu inakitoa kiumbe makaburini na kukirudisha mezani. Ukiwa nazo, jitu kubwa ambalo Sindbad amelitupa linakuwa faida. Hasara ya baharia imegeuka mtaji. Kadi ni ileile, majirani ndio waliobadilika. Sindbad anabaki.

Taa ya Aladdin sitaisemea sana. Inagharimu mana 10, na michezo yetu mingi huisha kabla mtu hajazifikisha. Imetoka.

Sasa Shahrazad. Hii ndiyo kadi iliyonifanya niunde seti. Kwa mana mbili nyeupe, mnasimamisha mchezo mlio nao, mnachukua kadi zilizobaki kwenye deki zenu, na mnaanza mchezo mpya ndani ya ule wa kwanza. Asiyeshinda anapoteza nusu ya uhai wake mnaporudi. Hadithi ndani ya hadithi, bila neno la maelezo. Sijaona kadi nyingine iliyosoma kitabu chake vizuri hivyo.

Mara ya mwisho nilipoicheza, nilikuwa na shemeji yangu. Upande wa pili alikuwepo mwalimu wa fasihi niliyemwalika mwenyewe, anayeijua Alfu Lela Ulela kuliko sisi sote. Yeye na mwenzake walimaliza mapema, wakawa wanatusubiri tubadilishane wapinzani. Mimi nilikuwa nimefurahi kama mtoto. Dakika 40 zikapita. Mwalimu akamaliza chai, akaangalia simu, akasema, "Haya jamani, daladala zitaniishia." Wiki iliyofuata nikampigia kumkaribisha tena. "Kaka, mchezo ni mzuri," akaniambia, "ila mimi sikuja kuangalia watu wakicheza."

Lile neno limenifanya niisome kadi upya. Shahrazad wa kitabuni anafungua hadithi ndani ya hadithi, ndiyo, lakini silaha yake ni kunyamaza. Alfajiri inamkuta katikati, anakata, na mfalme anamwacha hai ili asikie mwisho. Kadi imekumbuka usiku ikasahau alfajiri. Mchezo wa ndani lazima uishe. Unaweza kusalimu amri, sawa, lakini ukisalimu nusu ya uhai imekwenda, kwa hiyo kila mtu anang'ang'ana. Tena kitabuni ndugu yake Dunyazad yumo chumbani, naye ndiye anayeomba hadithi. Mezani kwangu Dunyazad alikuwa mwalimu, na hakuna aliyemuuliza kama anataka kusikia.

Kadi hii imepigwa marufuku kwenye mashindano rasmi, na zamani nililiona hilo kama ushamba wa watu wasiosoma. Sasa nimeitoa mwenyewe.

Nafasi yake nimeweka Flying Carpet: mana 4 kuitandika, mana 2 kila ukiitumia, na kiumbe kimoja kinaruka mpaka mwisho wa zamu. Kadi ya kawaida sana. Lakini mtu akiiona anacheka, anapandisha kiumbe, na zamu inakwenda kwa mwenzake.

Nimemtumia mwalimu orodha mpya ya kadi 180 na kumwambia Shahrazad hayumo. Bado hajajibu.